Shahada yangu ni ya nje: nianze upya ili nisomee udaktari Marekani?

Barua

Shikamoo Shangazi,

Natumaini u mzima. Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu, na leo zamu yangu imefika.

Nina miaka 26. Nilimaliza shahada ya kwanza ya baiokemia hapa nyumbani, daraja la pili la juu, na tangu hapo nafanya kazi katika maabara ya utafiti. Udaktari ndio niliokuwa nautaka tangu mwanzo. Alama hazikutosha, nikachaguliwa sayansi, nikaisoma kwa moyo wote. Jumamosi najitolea wodi ya watoto katika hospitali moja, na kila nikitoka pale naona hamu yangu haijapungua hata kidogo.

Dada yangu mkubwa anaishi Marekani. Ananiambia huko udaktari unasomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa hiyo tayari nina sifa. Nifanye tu MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari vya huko, na kutuma maombi. Rafiki yake, ambaye ni muuguzi hukohuko, anasema shahada ya nje haihesabiki, itabidi nianze upya mwaka wa kwanza na kusoma miaka minne mingine kabla hata ya kuugusa udaktari. Juzi akajitokeza wakala anayesema ana nafasi ya uhakika katika chuo kimoja cha udaktari kwenye visiwa vya Karibi, bila mtihani wowote, mradi nilipe amana ndani ya wiki mbili. Baba amesikia, na sasa anataka kuuza kiwanja.

Shangazi, nani kati yao anasema kweli? Shahada yangu ina thamani au haina? Nianze na MCAT? Na je, kule kujitolea kwangu wodini kunahesabika, au wanataka hospitali za kwao tu?

Naomba jina langu lihifadhiwe.

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuvutwa huku na huku.

La haraka kwanza. Usilipe amana yoyote, na mwombe baba kiwanja kisiuzwe kwa sasa. Chuo halali hudai amana baada ya kusoma maombi yako na kukuandikia barua ya kukubaliwa, na fedha huingia akaunti ya chuo chenyewe. Wewe hujaomba popote, hakuna aliyesoma hata ukurasa mmoja wa matokeo yako, halafu unaambiwa ulipie nafasi. Nitamrudia huyo wakala baadaye.

Dada yako na rafiki yake, kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na hakuna aliyeshika chote. Tatizo ni kwamba wote wawili wanaongelea shahada tu, wakati mbele yako kuna vizuizi viwili tofauti ambavyo watu huvichanganya kila siku: chuo ulikosomea shahada, na pasipoti uliyonayo. Mmarekani aliyesoma nje ana kizuizi cha kwanza peke yake. Mgeni aliyesoma shahada yake Marekani ana cha pili peke yake. Wewe una vyote viwili, na kila kimoja kina dawa yake.

Tuanze na shahada. Dada yako hajakosea kuhusu mpangilio. Marekani udaktari ni kozi ya miaka minne inayofuata shahada ya kwanza. Haikuwa hivyo zamani. Karne ya 19 palijaa vyuo vya biashara vilivyompa mtu cheti cha udaktari baada ya mihula michache, bila maabara na bila kumgusa mgonjwa. Johns Hopkins kilipofungua chuo chake cha udaktari mwaka 1893 kilidai mwombaji awe na shahada kwanza, na mwaka 1910 ripoti ya Abraham Flexner, aliyezunguka vyuo vyote vya udaktari vya Marekani na Canada, ikaufanya mfano huo kuwa kipimo cha wengine. Vyuo vingi dhaifu vilifungwa. Nakueleza hili kwa sababu linaonyesha wanachokitafuta kwenye karatasi zako. Hawatafuti jina la shahada. Wanataka kuona msingi wa sayansi uliofundishwa maabara, katika chuo wanachoweza kukipima.

Hapo kwenye kupima ndipo mambo yanapokwama. Maombi ya vyuo vingi vya shahada ya MD, ile ya udaktari ya kawaida, hupitia AMCAS, mfumo wa pamoja unaoendeshwa na AAMC, chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani. Mwombaji aliyesoma Marekani hutuma transkripti, AMCAS inakagua kozi moja baada ya nyingine na kumkokotolea GPA, yaani wastani wa alama, ambayo vyuo vyote vinaisoma kwa namna ileile. Wewe utakiorodhesha chuo chako kama mahali uliposoma, ni lazima, lakini AMCAS haipokei transkripti za vyuo vya nje wala haikokotoi GPA kutokana nazo. Kwa hiyo maombi yako yatafika kwa msomaji yakiwa na pengo pale ambapo wenzako wana namba. Huyo msomaji ana maelfu ya maombi mezani, na hana wajibu wa kwenda kuuliza daraja la pili la juu maana yake nini.

Ndiyo maana vyuo vingi vinaweka sharti kwamba sehemu ya masomo yako iwe imefanyika katika chuo chenye ithibati cha Marekani au Canada. Kiasi kinatofautiana sana. Kuna vinavyotaka mwaka mmoja, vingine miaka miwili, vingine masomo yote ya lazima, na vichache vinataka shahada nzima. Muuguzi yule huenda alikutana na mojawapo ya hivyo vya mwisho akadhani vyote viko hivyo. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, kwa kawaida hulazimiki kurudia shahada. Lakini pia hapana, huwezi kufanya MCAT kesho na kutuma maombi kesho kutwa.

Masomo ya lazima yenyewe unayajua vizuri. Kwa vyuo vingi ni mwaka mmoja wa baiolojia pamoja na maabara, mwaka wa kemia ya jumla, mwaka wa kemia ogani, mwaka wa fizikia, baiokemia, na mara nyingi hesabu au takwimu. Kisha kuna lile linalowashika wengi waliosoma mifumo kama wa kwako: masomo ya uandishi wa Kiingereza, na pengine saikolojia au sosholojia. Shahada yako ilikuingiza kwenye sayansi tangu siku ya kwanza na haikukupeleka huko kabisa. Ukiambiwa una upungufu, huenda usiwe wa kemia hata kidogo.

Sasa nisikilize kwa makini kuhusu transkripti, maana hapa ndipo ninapowaona vijana wengi wenye uwezo wakiumia bila sababu. Itoe yako kabatini uisome kama mtu asiyekijua chuo chako. Pengine imeandikwa "BC 201, Metaboli, 68". Je, inaonyesha kwamba kila wiki ulikuwa maabara saa tatu? Vyuo vingi vinaunganisha nadharia na vitendo kwenye kozi moja, na karatasi haisemi lolote kuhusu maabara. Msomaji wa mbali ataandika "hakuna maabara", na kwake kozi hiyo imeanguka sharti. Na ile 68, ambayo kwenu pengine ni alama ya kujivunia, mahali ambapo A inaanzia 90 inaonekana kama mtu aliyejikongoja hadi mwisho. Usikubali karatasi hiyo isafiri peke yake.

Nenda ofisi ya msajili uombe vitu vitatu: transkripti rasmi, maelezo ya mfumo wa alama wa chuo, na silabasi za kozi zako zote za sayansi zikiwa na mhuri, zikitaja saa za mihadhara na saa za maabara. Kama silabasi za miaka yenu hazipo tena ofisini, mtafute mkuu wa idara akuandikie barua inayotaja kila kozi na saa zake za vitendo. Fanya hivyo sasa, wakati walimu waliokufundisha bado wapo na wanakukumbuka. Kisha tafuta tathmini ya kozi kwa kozi kutoka taasisi kama WES, ambayo hulinganisha alama zako na mfumo wa Marekani kwa kuzingatia kipimo cha nchi uliyosomea. Nyaraka hizo hutumwa na chuo chenyewe moja kwa moja, kwa njia ya kielektroniki au katika bahasha iliyofungwa na ofisi. Bahasha ukiifungua wewe, hata kwa kutaka tu kuhakikisha, kazi inaanza upya. AACOMAS, mfumo wa maombi wa vyuo vya osteopathi, aina ya pili ya vyuo vya udaktari vya Marekani vinavyotoa shahada ya DO, unaitaka tathmini ya namna hiyo kwa masomo ya nje. Wenye DO ni madaktari kamili Marekani, wana leseni sawa na wenye MD, kwa hiyo usiwaache nje ya hesabu zako.

Kizuizi cha pili ni pasipoti, na kwa maoni yangu ndicho kigumu zaidi. Vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei kabisa mtu asiye raia wala mkaazi wa kudumu. Vinavyopokea ni sehemu ndogo, na hata humo nafasi za wageni huwa za kuhesabika. AAMC ina orodha yake ya mtandaoni inayoitwa MSAR, inayoonyesha kwa kila chuo kama kinapokea wanafunzi wa kimataifa na kinadai nini. Kabla hujanunua kitabu chochote cha MCAT, pitia orodha hiyo kwa swali moja tu: chuo gani kinampokea mtu mwenye pasipoti yangu? Vitakavyobaki, vipitishe kwenye swali la pili: kinakubali shahada ya nje, na kwa sharti gani? Orodha itakayobaki itakuwa fupi, na ni afadhali uijue leo.

Baada ya pasipoti inafuata mifuko. Mgeni hana haki ya mikopo ya serikali ya Marekani, ambayo ndiyo inayowasomesha madaktari wengi wa huko. Katika vyuo vingi vya binafsi gharama nzima ya miaka minne inapita dola 300,000, na baadhi ya vyuo humtaka mwanafunzi wa kimataifa athibitishe fedha ya mwaka mzima, au hata ya miaka yote minne, iwe imewekwa kwenye akaunti maalumu kabla ya kuanza. Zipo programu za MD na PhD kwa pamoja zinazolipia masomo, na wewe uliyekaa maabara miaka hii ungefaa, ila ufadhili wa serikali katika programu hizo ni wa raia na wakaazi wa kudumu. Vyuo vichache tu vinamlipia mgeni kwa fedha zao wenyewe. Kiwanja cha baba, hata kikiwa kizuri namna gani, hebu kipime na namba hiyo kabla ya mtu yeyote kusaini hati.

Pengine dada yako atasema atakuombea ukaazi. Akiwa raia anaruhusiwa kisheria, lakini foleni ya ndugu wa raia inapita miaka 10. Huwezi kupanga maisha yako juu yake.

Tuseme umepitia haya yote na bado kuna vyuo vinne au vitano vilivyobaki. Njia ya kawaida ni kusoma mwaka mmoja au miwili katika chuo cha Marekani baada ya shahada: kuchukua yale masomo yanayokosekana, na kozi chache za juu za sayansi zitakazokupa GPA ambayo AMCAS inaikokotoa. Kwa viza ya mwanafunzi utatakiwa usome muda wote na uonyeshe fedha. Wengine huchukua shahada ya uzamili yenye ufadhili, na hiyo nzuri kwa mfuko. Ila uliza kwanza, maana baadhi ya vyuo vinaikubali kutimiza sharti lao na vingine vinasisitiza kozi za ngazi ya shahada ya kwanza. Uliza pia kama wanakubali kozi za vyuo vya jamii, ambavyo ada yake ni nafuu. Tuma barua pepe fupi kwa ofisi ya udahili, useme una shahada gani, ya wapi, una uraia gani, na uulize mambo mawili tu: mwombaji kama mimi anastahili kuomba? Na ni krediti ngapi za Marekani mnazozitaka, za kozi zipi? Jibu la maandishi litakusaidia kuliko ushauri wa jamaa kumi, nikiwemo mimi, kwa sababu masharti hubadilika mwaka hadi mwaka.

MCAT ifuate hapo, si kabla. Huo ni mtihani wa siku nzima, karibu saa saba na nusu ukihesabu na mapumziko, una sehemu nne na alama zake zinaanzia 472 hadi 528. Tatu ni za sayansi, mojawapo ikiwa ya saikolojia na jamii. Ya nne ni ya kusoma na kuchambua maandishi, haina kemia wala baiolojia, na hiyo ndiyo inayowaangusha watu wenye sayansi nzuri ambao hawakuzoea kusoma insha ndefu za Kiingereza kwa kasi. Anza kusoma makala nzito kila siku tangu sasa. Hilo halina gharama. Lakini usikae kwenye chumba cha mtihani mpaka uwe tayari. Unaruhusiwa mara 7 tu maishani, alama zako zote zinaonekana, na vyuo vingi havipokei matokeo yaliyopita miaka mitatu. Ukifanya leo halafu ukaenda kusoma masomo ya ziada miaka miwili, utajikuta unaufanya tena. Kumbuka pia kwamba maombi ya AMCAS hutumwa kuanzia mwishoni mwa Mei au mapema Juni kwa masomo yanayoanza mwaka unaofuata, kwa hiyo ongeza mwaka mwingine kwenye hesabu.

Nimekaa sana Marekani kwa sababu ndiko ulikouliza, lakini sioni kwa nini iwe ndiyo mlango wako wa pekee. Ireland ina kozi ya miaka minne kwa wenye shahada katika vyuo kadhaa, vikiwemo University College Dublin, RCSI, University College Cork na University of Limerick. Waombaji kutoka nje ya Umoja wa Ulaya wanapokelewa kwa MCAT au mtihani wa GAMSAT. Australia nayo ina kozi za namna hiyo, Melbourne na Sydney vikiwa miongoni mwake, na mwanafunzi wa kimataifa anaweza kuomba kwa mojawapo ya mitihani hiyo. Angalia tu umri wa shahada yako, maana baadhi ya vyuo huko hutaka iwe ya ndani ya miaka 10. Kote huku ada kwa mgeni ni kubwa, sikufichi, ila hakuna atakayekutaka urudie kozi za sayansi kwa sababu tu hazikusomwa Marekani.

Uingereza ni kugumu zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Kozi nyingi za miaka minne za wenye shahada hazichukui wageni, kwa hiyo ungeomba ile ya kawaida ya miaka mitano au sita, na huko England nafasi za wanafunzi wa kimataifa zimewekewa kikomo cha asilimia 7.5. Maombi hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi wa huko, tarehe ya mwisho ni 15 Oktoba, na huruhusiwi kuchagua zaidi ya kozi nne za udaktari. Canada vyuo vingi vimefunga mlango kwa wasio raia au wakaazi. Katika bara la Ulaya udaktari ni kozi ya miaka sita, shahada yako haitakupunguzia muda mara nyingi, lakini vyuo vya umma vya Italia hufundisha pia kwa Kiingereza kupitia mtihani wa IMAT na hupanga ada kwa kipato cha familia. Ningekuwa wewe, Italia ningeichunguza kabla ya kisiwa chochote.

Swali ambalo hukuniuliza, na ambalo ningependa ulijibu kabla ya yote, ni hili: unataka kutibu watu wapi? Chuo kinakupa shahada. Leseni inatolewa na baraza la madaktari la nchi unayotaka kufanyia kazi, na baraza hilo halina wajibu wa kuikubali kila shahada. Kama unataka kurudi kutibu nyumbani, anza kwa kuuliza baraza la nyumbani linavitambua vyuo gani. Kama unataka Marekani, fahamu kwamba aliyesoma udaktari popote duniani nje ya Marekani na Canada hupitia ECFMG, taasisi inayowahakiki madaktari waliosoma nje, hufanya mitihani ya leseni ya USMLE hatua ya kwanza na ya pili, kisha hugombea nafasi ya mafunzo ya ubingwa hospitalini. Njia hiyo ni nyembamba. Mwaka 2024 zaidi kidogo ya 93 katika kila 100 ya wahitimu wapya wa MD wa Marekani walipata nafasi. Kwa wahitimu wa vyuo vya nje wasio raia wa Marekani walikuwa zaidi kidogo ya 58. Hata hivyo ni njia halisi, na ina faida moja kubwa: daktari anayesomea ubingwa analipwa mshahara.

Kwa sababu hiyo nakusihi usiitupe njia ya nne ambayo hakuna kati ya hao watatu aliyeitaja. Una shahada ya baiokemia yenye daraja zuri. Katika nchi nyingi mwenye shahada ya sayansi anaruhusiwa kuomba udaktari kwa sifa hiyo, hata kama alama zake za sekondari hazikutosha mara ya kwanza. Nenda ukaulize vyuo vya udaktari vya hapohapo ulipo. Ukiingia, utasoma kwa ada unayoweza kuifikiria, utapata leseni ya kwenu, na mlango wa kwenda kusomea ubingwa nje utabaki wazi. Najua haina mvuto wa kupanda ndege. Lakini wewe hukuniandikia kuhusu ndege, umeniandikia kuhusu wodi ya watoto.

Sasa wakala. Vipo vyuo vya visiwani ambavyo vimetoa madaktari wazuri, sitaki kuwapaka wote matope. Lakini chuo hiki kipime mwenyewe. Kitafute kwenye Orodha ya Dunia ya Vyuo vya Udaktari, inayosimamiwa na WFME, shirikisho la dunia la elimu ya udaktari, pamoja na taasisi ya FAIMER. Kisipokuwemo, mazungumzo yameisha. Kikiwemo, usishangilie bado, kwa sababu kuwa kwenye orodha si ithibati. Tazama kimepewa ithibati na chombo gani, na kama chombo hicho kinatambuliwa na WFME. Tangu 2024 ECFMG inaitoa taarifa hiyo kuhusu chuo cha mhitimu, na wanaoajiri wanaiona. Uliza wanafunzi wa miaka ya mwisho wanafanyia mazoezi hospitali gani, kwa majina. Uliza katika kila 100 wanaoanza mwaka wa kwanza wangapi wanamaliza, na wangapi walipata nafasi ya ubingwa mwaka jana. Anayekuuzia nafasi "bila mtihani" atakujibu kwa picha za majengo. Chuo chenyewe, ukikiandikia moja kwa moja, ama kitakupa majibu, ama ukimya wake utakuwa jibu.

Na kuhusu wodi ya watoto: ndiyo, kunahesabika, na wala si lazima iwe hospitali ya kwao. Fomu ya AMCAS ina sehemu ya shughuli zisizozidi 15 na haidai ziwe zimefanyika Marekani. Wanachotaka ni uthibitisho na tafakuri. Anza daftari Jumamosi hii: tarehe, saa, kazi uliyofanya, jina na simu ya muuguzi au daktari aliyekusimamia. Usiandike jina la mgonjwa wala kitu kinachoweza kumtambulisha. Omba pia kumfuata daktari kwa siku chache, si wodini tu, hata kliniki, uone kazi yake ilivyo wakati hakuna dharura. Barua za mapendekezo ziombe mapema: mbili kwa wahadhiri wa sayansi waliokufundisha, moja kwa mkuu wako wa maabara, moja kwa daktari wa wodini. Waambie zitumwe na wao wenyewe kwenye mfumo wa maombi, kwa anwani ya barua pepe ya taasisi, kwa sababu barua iliyotoka kwenye anwani binafsi huwatia wasomaji mashaka. Mhadhiri aliyekaribia kustaafu aanze yeye.

Shangazi